Kiwiko Safi cha Kipa wa Thika

Ruiru, Alhamisi, 1956. Manyunyu tangu asubuhi, nguo hazikauki, na roho yangu vilevile.

Hapa Ruiru hajawahi kutokea kipa wa kunishinda mimi.

Huo ni uongo. Nilidaka mechi moja tu, nikafungwa saba, na lile la saba lilinipita katikati ya miguu nikiongea na mtu. Tangu hapo mimi ni dobi wa shamba hili la kahawa. Nafua shuka za mzungu na jezi za timu, na kwa jezi nawajua wachezaji kuliko kapteni anavyowajua.

Kipa wetu Ochieng alirudi kwao Nyanza mwezi uliopita. Jumapili tunacheza na timu ya kiwanda kimoja cha Thika, na meneja wa shamba amesema wazi kwamba tukifungwa tena, uwanja wetu unapandwa kahawa. Kwa hiyo kamati imetafuta kipa kama watu wanaotafuta mbuzi aliyekata kamba. Huku kwetu kipa hanunuliwi. Anapewa kazi na chumba kwenye laini za wafanyakazi, anaacha kazi alikotoka, basi ni wenu.

Juzi Karani Mwaura, yule wa kupima kahawa, alikuja akicheka peke yake. Amempata Wekesa, kipa wa hao hao Thika. Tena wamemwachilia na barua ya sifa.

Niliweka pasi chini.

Nani anakupa ng'ombe wake wa maziwa, halafu anakuimbia na sifa za kiwele chake?

"Wewe Njuguna unashuku hata barua?" Karani akaniuliza.

"Siku hizi za emajensi, hii hali ya hatari ya serikali, nashuku hata kivuli changu," nikamwambia. "Kinanifuata sana."

Wekesa alifika jana na sanduku la bati. Mtu mrefu, mpole, anasalimia mpaka kuku. Upole huo nao sikuupenda. Nikamkaribisha chai, nikamwomba jezi yake ya zamani nimfulie. Akadhani ni ukarimu.

Kiwiko cha kushoto kilikuwa na viraka vitatu. Cha kulia kilikuwa kizima, kama siku kilipotoka dukani kwa Mhindi.

Mtu huyu haruki kulia.

Na Thika wanajua. Ndiyo maana ya barua. Jumapili watapiga kila mpira upande huo, na sisi tutabaki tukipalilia miche pale tulipokuwa tukicheza.

Leo asubuhi nilimwita nyuma ya karai langu, nikamwonyesha.

"Kwani kule Thika nyasi zinamea upande mmoja wa goli?"

Alilishika bega lake la kulia.

"Mzee, niligonga mlingoti mwaka jana. Bega hili halinyooki."

"Na hukusema."

"Nikisema nitarudi wapi? Chumba changu cha Thika kimeshapewa mtu. Mke wangu yuko njiani kutoka Bungoma, na mtoto mgongoni."

Nitakiri hapa, kwa sababu hapa hakuna wa kunicheka. Nilikuwa nimeshapanga hotuba ya kamati, na pale pa kukohoa ili wote wanitazame. Nilitafuta jasusi, nikapata bega bovu.

Saa nane, kabla kamati haijakaa, nilikichukua kile kiwiko safi nikakisugua kwenye jiwe la kufulia mpaka kikatoboka, kisha nikakipaka udongo mwekundu. Dobi mzima, miaka ishirini na sabuni, nachafua nguo kwa mkono wangu.

Kamati ilipokaa niliitandaza mezani kama ushahidi. Kapteni Mwangi aliishika jezi, akaigeuza, akatazama viwiko vyote viwili.

"Huyu anaruka pande zote," akasema. "Mzee Njuguna, wewe unaonaje?"

"Jezi imesema," nikajibu. Nikakohoa hata hivyo.

Wekesa akapewa kazi na chumba.

Sasa jioni inaingia, nimekaa na kikombe changu, na mtu ninayemshuku ni mimi. Nimeuza uwanja wa watu wote kwa ajili ya mwanamke ambaye hata sijamwona? Na kama Wekesa alinidanganya juu ya huyo mke? Macho yake hayakuwa ya uongo. Lakini hata yangu hayakuwa ya uongo mbele ya Mwangi.

Sitalala vizuri mpaka Jumapili.

Wekesa, daftari hili huwezi kulisoma, kwa hiyo kesho nitakuambia kwa mdomo. Una deni langu la kiwiko kimoja. Sidai kikubwa. Ukisimama golini Jumapili, sogea hatua mbili kulia kwako, uwaachie upande wote wa kushoto wautamani, maana huko ndiko unakoruka.

Hatua mbili tu, baba, na tumelipana.