Koti la Njiwa

Oldham, Jumapili

Dada yangu mpendwa Winifred,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini baridi ya Aberdeen haijakuzidi na kile kikohozi kimekuachia. Sisi hatujambo. Ila nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama, nawe utakuwa wa kwanza kulijua.

Unakumbuka halmashauri ilipomtengea kaka Dougie fedha za matunzo kwa ajili ya ulemavu wake wa akili, naye akachagua shirika la Bi Pickersgill lizishike na kumpatia msaidizi. Aliomba kitu kimoja tu: kila Jumamosi apelekwe kwenye mabanda ya njiwa, awangoje wakirudi kutoka mashindano ya kuruka. Tangu Pasaka msaidizi humkalisha mbele ya televisheni. Mama alipokwenda kulalamika, Bi Pickersgill alicheka, Dougie akiwa pale pale na koti lake la njiwa mwilini, lile analolivaa kwendea mabandani.

"Usijisumbue, mpenzi. Huyu hajui Jumamosi wala Jumatatu."

Dougie alilivua koti akalitundika. Tangu hapo nilikuwa na donge moyoni.

Jana Bi Pickersgill alifanya hafla katika ukumbi wa kanisa ili kuvuta wateja wapya. Picha ya Dougie ilitundikwa mlangoni. Mbele ya wazazi wa wateja hao na ofisa wa halmashauri alimshika Dougie bega, akamtaka awaambie watu jinsi anavyofurahi.

"Leo Jumamosi," Dougie akasema. "Njiwa wanarudi, mimi niko hapa. Nataka shirika lingine."

Ofisa akamuuliza taratibu kama kweli ndivyo anavyotaka.

"Ndiyo, mpenzi."

Wazazi wakaweka vikombe chini, wakaanza kutafuta makoti yao.

Maneno hayo nilimfundisha mimi, Winnie, isipokuwa lile la mwisho. Na siri yenyewe ni hii: kanuni za fedha hizo nilizisoma maktabani mwezi mzima kabla ya hafla. Nilijua Dougie anaweza kuhama wakati wowote, akisema tu. Nilinyamaza, Jumamosi zikampita, kwa sababu nilitaka Bi Pickersgill aaibike mbele za watu. Namwonea Dougie huruma. Bi Pickersgill simwonei.

Ukumbi ulipobaki mtupu, nilimmiminia Bi Pickersgill chai, nikamuuliza kama atatia sukari. Kisha nikamvalisha Dougie koti lake, tukaenda mabandani.

Mama anakusalimu, na Dougie anauliza utakuja lini uwaone njiwa.

Mdogo wako akupendaye,
Hester