Somo la Kupinduka

Shikamoo mama yangu,

Huku Pemba nipo mzima, ila mdomo mchungu tangu asubuhi, na si kwa maji ya chumvi. Nawafunza wanawake wa Madungu kuendesha kayaki, ile mitumbwi myembamba ya kasia, wapate kazi ya kuongoza wageni. Somo la leo lilikuwa kupinduka makusudi, ili mtu asije akababaika siku chombo kikimgeukia. Nami nikajitia kuchekesha: "Haya, mapinduzi yameanza!"

Hakucheka hata mmoja. Nikakimbilia kanuni: "Ukipinduka, shikilia chombo chako. Usikiachie, utaokoka."

Zuwena, mpole kuliko wote, akanitazama. "Babu yangu alishikilia shamba lake la Pujini wakati wa hayo mapinduzi ya sitini na nne, mwalimu. Hakuliachia. Alizikwa humo humo kwenye mikarafuu."

Kisha akajipindua, akaibuka anatiririka maji, mkono kwenye kayaki. "Haya, nimeshika. Umeridhika?"

Hata hivyo wamenipikia pweza wa nazi. Mama, uliniusia jua, ukaniusia mbu. Ulimi hukuniusia.

Niombee dua, nami nakuombea afya.

Mwanao,
Salum