Chini ya Nyekundu Niweke Rangi Gani?

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa kuomba si desturi yangu, kwa kawaida mimi ndiye naombwa, maana gari lolote lililong'aa katika mji huu kwa miaka ishirini ama nimelipaka mimi ama aliyelipaka alikuja kuniuliza kwanza, na kuna balozi mmoja alisimama dakika arobaini akichana ndevu zake mbele ya mlango niliopaka, akachelewa mkutano, nchi mbili zikakaribia kugombana.

Sasa sikiliza. Nina mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, mtu mzima na kazi yake ya kusaga vioo vya miwani, na siku zake za mapumziko huunganisha vigari vya plastiki, vile vinavyokuja vipande vipande kwenye boksi, na usicheke, mshauri, gari zima linakaa kwenye kiganja lakini lina mpaka vifuta kioo. Mwaka huu anaunganisha gari la marehemu baba yake, yaani shemeji yangu, lile jekundu lililompeleka dada hospitali siku ya kumzaa yeye mwenyewe, na anataka kumpa mama yake kwa siri siku atakayotimiza miaka sitini. Zimebaki wiki tatu. Picha iliyopo imepauka mpaka gari linaonekana la chungwa, na boksi la aina ile halipatikani tena, alilonalo ni hilo moja.

Basi akaniuliza, "Mjomba, chini ya nyekundu niweke praima gani? Nyeupe, kijivu, au hii ya pinki?" Praima ni ile rangi ya chini inayoshika plastiki kabla ya rangi yenyewe, na nyekundu, kumbe, haifichi kilicho chini yake, lakini hilo ndiyo kwanza nalijua leo. Siku ile nilikohoa, nikaegemea mlango, nikasema, "Weka nyeusi, mwanangu. Magari ya mabalozi yote chini ni nyeusi."

"Nyeusi, mjomba? Una hakika?"

"Kwani unamuuliza nani?"

Akapaka nyeusi, akapuliza nyekundu, ikawa kama maini. Akaongeza mkono wa pili wa rangi, ikawa kama maini ya juzi. Mkono wa tano mistari ya milango ikaanza kuzibika. Mimi nilikuwa nasubiri anigombeze, angenisaidia sana, badala yake akasema kwa upole, "Labda mimi sikutikisa kopo vizuri, mjomba." Sasa anaikwangua rangi yote kwa mswaki mkuukuu, taratibu kama anaosha kifaranga, anasema plastiki haitastahimili kukwanguliwa mara ya pili, na anasubiri nimwambie tena rangi gani. Ananisubiri mimi! Tangu ana miaka mitano ananiita Mjomba Rangi. Nikikisia nikakosea, gari la baba yake limekwisha, na nikisema sijui, sijui ataniita nani.

Na si kwamba gari lile silijui. Nilikuwepo gereji lilipopakwa upya, nilikuwepo pia siku shemeji alipolikwaruza kwenye geti la nyumba yake mwenyewe, mlangoni pakatokea mchirizi wa pinki kama ufizi, tukamcheka wiki nzima kwamba gari lake linaota meno. Nifanyeje, mshauri?

Kuna jambo jingine dogo, na kama inawezekana usilichapishe. Gereji nilifanya kazi kweli, lakini miaka minne tu, na bomba la kupulizia rangi sikuwahi kulishika. Mimi nilikuwa nafunika madirisha kwa magazeti na tepu, rangi isiingie kwenye vioo.

Mimi, Mjomba Rangi


MSHAURI ANAJIBU

Mjomba Rangi, pole. Hilo jambo dogo nimelichapisha, kwa sababu ndilo pekee katika barua yako nililoliamini bila kulisoma mara mbili.

Nianze kwa kukugombeza, maana umesema unasubiri. Binti alikupa nafasi. Alikuuliza, "Una hakika?" Ulitakiwa kujibu neno moja fupi. Wewe ukamuuliza anamuuliza nani, na sasa sote tumejua alikuwa anamuuliza nani. Rangi iliyoharibika si neno, itakwanguka. Lililonikera ni lile kopo. Mtu ambaye mji mzima unaona kwa kazi ya mikono yake ameanza kuishuku mikono hiyo, kwa sababu wewe uliona aibu. Hapana, bwana. Hilo lirekebishe leo.

Mwambie ukiwa umekaa, usiegemee mlango. Sema, "Mwanangu, kopo ulilitikisa vizuri. Mimi ndiye sikujua." Kisha unyamaze. Balozi na ndevu zake abaki huko alikokwenda.

Ama kuhusu praima, umekuja kuniuliza jibu ambalo umelibeba mwenyewe. Rudi usome barua yako. Ufizi! Gari la shemeji yako chini lilikuwa la pinki, na aliyeliona ni wewe. Hata hivyo nilimpigia fundi anayepaka magari makubwa, nikamuuliza na mwalimu mmoja wa hesabu ambaye nyumba yake imejaa vigari. Wamekubaliana, jambo ambalo mafundi hawana mazoea nalo: nyeusi inaizima nyekundu, kijivu inaituliza ikawa nzito, nyeupe inaiwasha mpaka inapiga kelele, na pinki inaipa joto na kina bila kurundika rangi, kwa hiyo mistari ya milango inabaki.

Lakini usiniamini mimi hivihivi kama ulivyotaka kuaminiwa wewe. Chukueni vijiko vitatu vya plastiki, kila kimoja na praima yake, mvipulizie nyekundu ileile, mikono miwili mitatu myembamba, kila mmoja ukauke kwanza. Vipelekeni dirishani mchana kweupe, nawe uliyelijua gari useme kipi ndicho. Ukisita, sema umesita. Kigari chenyewe kisiguswe mpaka vijiko viamue.

Na lile gari, kama ni la zamani hizo, madirisha yake yamezungukwa na mpira mweusi. Kuupaka bila kuchafua nyekundu lazima mtu afunike kwa tepu, mkono usitetemeke. Katika ukoo wenu yupo mmoja tu aliyewahi kufunika madirisha, mjomba. Kaombe kazi yako ya zamani.


MJOMBA RANGI AMETUANDIKIA TENA

Mshauri, nilimwambia. Nilikaa kabisa. Akacheka mpaka akavua miwani, akasema, "Mjomba, mama aliniambia zamani kuhusu magazeti. Nilikuuliza kwa sababu yeye siwezi kumuuliza, na zaidi yake umebaki wewe tu uliyeliona gari la baba." Nikamuuliza, sasa mbona ulipaka nyeusi? Akajibu, "Ulisema kwa sauti kubwa sana."

Kijiko cha pinki ndicho kilichoshinda, nilikijua hata kabla hakijakauka sawasawa. Madirisha nilifunika mimi, siku mbili, na tepu niliyoikata nyembamba kama uzi, na hakuna hata tone lililovuka. Dada akakipokea kigari siku ya kutimiza sitini. Alikigeuza, akapitisha kidole mlangoni, upande uleule wa geti, akasema, "Hapa ndipo lilipoota meno." Kisha akaniomba leso, akakataa kuirudisha.

Ila kidole gumba changu bado ni chekundu, vijiko nilivishika vibaya, na juzi kinyozi aliponiuliza nilimjibu kwamba nimetoka kupaka gari la waziri. Mshauri, gari lenyewe linaingia mfukoni, na aliyelipaka ni mpwa wangu.