Shikamoo ya Mjukuu

Mwanangu,

Simu yako haipatikani. Maharage yameiva, yafunike kabla paka hajajikaribisha. Nimepita kuchukua gauni la kulalia, hospitali wananilaza.

Asubuhi daktari kaniambia, “Bibi, una vivimbe kwenye ini.” Nikamjibu, “Kwa anavyonikata maini binti yangu, nashangaa limebaki la kuvimba.” Hakucheka.

Kumbe vile vipele vya puani si chunusi za ujana uliochelewa. Na lile baka jeupe la mgongoni, mnaloliita jani la bibi, ni la ugonjwa huo huo. Unarithiwa. ~~Usimwambie mumeo kwanza.~~ Mwambie mumeo, aje na gari.

Maana mjukuu wangu naye ana jani, nami nikajigamba kwamba kafanana nami. Unajua akiamka anavyoinamisha kichwa, tena na tena, tukacheka kwamba ananiamkia? Daktari aliniuliza hilo kabla sijatamka kitu. Anasema huenda ni degedege.

Usisubiri anyonye ashibe. Mlete leo, nawe upimwe. Akiinama tena njiani, usicheke kama nilivyokuzoesha, na usimwitikie marahaba kwa niaba yangu.

Mama yako