Mieleka Uliyomfundisha Mbwa

Tata,

Nakuandikia nikiwa upande wangu wa ua wa matete, nimekaa mkekani, kama nilivyokaa siku zote ulipokuwa hai. Upande wako ni kimya. Nyasi zimeota pale ulipokuwa ukiweka kiti chako, na mwanao Kasongo, mume wangu, hajapata moyo wa kuzing'oa. Mimi ningezing'oa, lakini sivuki. Baba mkwe ni baba mkwe, hata akiwa udongoni.

Ulituacha upesi mno. Kifua kilikubana Jumatatu, na kabla Kasongo hajarudi na treni yake ya mizigo ulikuwa umekwenda. Nilisimama nyuma ya matete nikikusikia unapumua, na sikuvuka kukuinua ili unywe maji. Jirani yetu Mama Tshibola ndiye aliyekuinua. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, Tata, nalisema bila kuficha.

Kwetu Sakania pia tuna heshima ya ukwe, lakini ninyi Baluba mmezidi. Ukija njiani, mimi naingia majanini. Chakula chako napika, mwingine anakupelekea. Tangu Kasongo anioe na kunileta hapa Kamina hukunigusa hata kwa ncha ya kidole, wala hukunisemesha. Ukiwa na neno la kuniambia, ulimwambia mbwa wako, ukiwa umegeuza mgongo, nami nikalisikia kupitia matete. "Imbwa, chumvi imezidi leo." "Imbwa, mutoto wa watu anakohoa, muchemushie majani." Mbwa alikuwa akilala tu. Nadhani hakuna mbwa aliyepewa mashauri mengi kama yeye katika mji huu.

Kisha ikaja ile habari ya kapita, msimamizi wa watengeneza reli. Alianza kuningojea kwenye njia ya shamba la mihogo, ng'ambo ya karakana, siku ambazo Kasongo yuko safarini. Mara ya kwanza alinishika kiwiko akacheka. Mara ya pili hakucheka. Nilikuwa na beseni kichwani na binti yangu Mariya mgongoni, nikaponea kwa kuwa wanawake wengine walitokea. Kumwambia Kasongo niliogopa: angempiga kapita, na siku hiyohiyo tungekosa kazi na nyumba. Kuacha shamba nako ni kuacha kula.

Hapo nikaanza kuulizia namna ya kupigana. Jumapili nilisimama nje ya uwanja wa kambi ya wafanyakazi wa reli nikawatazama vijana wa ngumi. Sokoni nilimtazama mpishi mmoja wa Base, ile kambi ya jeshi, aliyejifunza jido, mchezo wa Kijapani wa kuangushana, kwa kuwatazama askari Wazungu. Alikuwa mdogo kama mtoto wa komunyo ya kwanza, naye akawatupa wabeba mizigo wawili, akainama kuwasalimu. Nilirudi nyumbani nimelewa kwa kile nilichokiona. Nikakaa hapahapa mkekani, nikauambia upepo, kwa sauti ya kukufikia: ningependa kujua jido, au ngumi, maana kuna mtu ananingojea njiani.

Nilidhani nimekutia aibu. Kisha ukamwuliza mbwa maswali ambayo sikuwahi kuyafikiri. Huyo mtu anakuja kutoka mbele au nyuma? Anashika nini kwanza? Mikononi una nini? Umevaa nini? Nami nikajibu upepo swali baada ya swali.

Ulipomaliza ulizipima namna zote za kupigana, kama mtu anayechagua jembe sokoni. Ngumi zinataka nafasi kati ya watu wawili, ulisema, na mwanamke aliyekwisha kushikwa hana tena nafasi. Jido ya mpishi nzuri, lakini anamshika mtu kwenye kola ya koti zito. Kapita wa reli anatembea na singleti, fulana isiyo na mikono wala kola. Teke halitoki ndani ya kikwembe, kitenge kilichofungwa mpaka miguuni. Nikangoja usifu mieleka ya kwenu, maana watu wote walijua ulivyokuwa ukiangusha wanaume kule Malemba ujanani. Hukuisifu. Ulisema mieleka ya wanaume inataka vifua viwili vikutane, na hicho ndicho yule mtu anachokitafuta.

"Imbwa, sikia muzuri," ulisema. "Usichague kupigana kwenye kunapendeza macho. Chagua ile yenye unaweza kufanya na mutoto ku mugongo. Mu mieleka utakamata kitu kimoja tu, ingine uache."

Kitu hicho kimoja ulinifundisha kiangazi chote. Ulikaa umenipa mgongo, unasuka mkeka, na mimi nina gunia la mihogo lililoegemezwa kwenye nguzo, na kamba ya gunia ndiyo mkono wa kapita. Ukishikwa, usivute. Kidole gumba ndicho mlango, tokea pale. Ingia kwake, usimkimbie. Kisigino chako nyuma ya kisigino chake, kisha bega. Hukuniona hata mara moja, ulisikiliza tu. Gunia likianguka vibaya ulijua. "Hapana, imbwa. Muguu ilichelewa." Nikafanya tena, na Mariya mgongoni akicheka kama yuko kwenye ngoma. Nilichoka mpaka nikakuchukia kidogo. Unisamehe, ilikuwa chuki ya mwanafunzi.

Hayo unayajua. Usiyoyajua ni haya.

Matanga yako yalikuwa bado hayajaisha nilipokwenda shamba, kwa kuwa watu waliokuja kukulilia walikula unga wote. Ilikuwa asubuhi, jua limekwisha panda. Kapita alikuwa kando ya reli. Akanishika mkono wa kulia akasema, "Sasa muzee hayuko."

Sikuvuta, Tata. Nilitokea mlangoni ulikonionyesha, nikaingia kwake, kisigino, bega. Alianguka chali kwenye kokoto akabaki anatafuta pumzi. Sikumpiga. Niliokota beseni nikaendelea na njia mpaka katikati ya mihogo, na hapo nikakaa chini nikalia kwa sauti. Sikulia kwa sababu yake. Nililia kwa kuwa nilitaka kurudi nyumbani niuambie upepo, na upande wa pili hakuna mtu.

Wanawake wawili waliokuwa wakirudi na kuni waliona yote. Kapita alisema aliteleza, lakini kabla ya jioni kambi nzima ilikuwa inasimulia, na wengine walikuja kunipa mkono. Nilidhani mambo yamekwisha. Kumbe watu wakimaliza kucheka huanza kuuliza. Nani alimfundisha mke wa Kasongo mieleka?

Dada yako Numbi alikuwa amekuja matangani kutoka Malemba, na ndiye aliyelisema neno lenyewe. Alisema mieleka haifundishwi bila mikono. Alisema ikiwa mkwe amemshika mke wa mwanawe, amevunja buko, ile heshima ya ukwe, na kwamba labda ndiyo sababu kifua chako kilifunga ghafla vile. Tata, nilisikia baridi. Wewe, ambaye uliingia majanini wewe mwenyewe siku nilipokuwa na mzigo mzito, ili nisihangaike kukupisha.

Kasongo aliacha kula chakula changu. Hakunipiga wala hakunitukana. Alikuwa akiangalia mikono yangu. Wazee wakasema watakaa siku ya kumaliza matanga. Neno likithibitika, mimi nirudishwe Sakania na Mariya abaki, na jina lako lizikwe, asipewe mtoto yeyote wa ukoo. Hilo la mwisho walilisema polepole, kama watu wanaofunga mlango.

Siku hiyo niliwekwa katikati ya ua. Wakaniuliza nani alinifundisha. Nikasema wewe. Wakauliza vipi. Nikasema ulimfundisha mbwa. Mjomba mmoja alicheka, lakini wazee wenyewe hawakucheka, na Kasongo aliinamisha kichwa. Nilijua ninavyosikika. Ukweli mwingine ukiusema unafanana na uongo wa mtoto.

Mama Tshibola akasimama. Unamjua, haombi ruhusa. "Shiye bote tulimusikia," alisema. "Kila asubuhi muzee anafundisha imbwa mieleka. Minyi nilimwambia bwana yangu, huyu muzee kichwa yake imeharibika. Imbwa inalala, yeye anaikaripia ati muguu ilichelewa."

Na jirani wa upande wa pili akasema naye alisikia. Na fundi mmoja wa karakana, na mkewe. Walikuwa wamekucheka miezi mingi, Tata, na siku ile kicheko chao ndicho kilichokuosha.

Numbi hakutosheka. Aliniuliza mbwa aliambiwa nini kwanza, siku ya kwanza kabisa. Nikasema ulimwambia hivi: usivute, mwenye kuvuta anasaidia mwizi kufunga kamba.

Alifunika uso kwa kikwembe chake. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ndogo. "Ile ni maneno ya baba yetu. Alitwambia minyi na yeye tukiwa batoto, ku njia ya kuchota maji. Hakuna mwingine anaijua." Kisha akalia vile ambavyo hakulia siku ya kukuzika, na hakuna aliyemnyamazisha.

Kasongo alirudi kula chakula changu jioni ileile. Kuomba radhi kulimchukua muda zaidi, unamjua mwanao. Alikwenda akakaa upande wako, akanigeuzia mgongo, akamwambia mbwa kwamba yeye Kasongo ni mpumbavu. Mbwa hakupinga. Mimi nilicheka na kulia pamoja. Kapita yuko bado, lakini siku hizi akituona anapita ng'ambo ya reli, na wasichana wawili wa kambi huja kwangu asubuhi kuomba gunia. Nawaambia yaleyale uliyoniambia: kimoja tu, mpaka kikuchoshe.

Tata, nimekaa nawe vya kutosha, na moto wangu unazimika jikoni. Lala vizuri. Usihangaike tena na njia ya shamba, naipita mwenyewe. Nakuahidi kwamba Mariya akipata miguu ya kutosha atajifunza, na atajua ni nani aliyesema maneno yale.

Na kuna jambo nililiacha makusudi mpaka hapa. Nina mimba. Dada yako ametuma neno kutoka Malemba, mbele ya wazee wote, kwamba awe wa kiume au wa kike, mtoto huyu atachukua jina lako. Mimi, kwa kuwa ni mkweo, siruhusiwi kulitamka, hata kwa mwanangu. Nitamwita Tata. Nitamwita hivyo kila asubuhi, na akilia nitamwinua, na nitamshika kwa mikono yote miwili.