Sabuni Ndani ya Chuma

Pasiansi, Jumatano

Mdogo wangu Getruda,

Pokea salamu za kaka yako mwenye kitambi. Tu wazima, ila mgongo wangu umegoma tangu nianze kufufua lile tela la zamani la jeshi, la kubebea magari yaliyokwama, tulilonunua mnadani na kaka Machibya. Wifi yako ananiita kuruta.

Sasa sikia. Jana nilikuwa nakwangua rangi kwenye chuma kikuu cha katikati, bisibisi ikazama kama kwenye ugali. Kulikuwa na ufa, umejazwa sabuni ya mche, juu yake puti, kisha rangi mpya. Tanki linalovuja huzibwa hivyo, siyo chuma cha kubeba trekta! Nikamwita Machibya. Hakushtuka, maana aliyeziba ni yeye.

"Paka rangi," akasema. "Nimeshawaahidi watu. Jumamosi Yakobo anavusha trekta lao kwa tela hili, kivukoni Kamanga."

"Yakobo mume wa Getruda?"

"Kwani anakimbiza? Ataenda polepole."

Nimekula naye sahani moja tangu utotoni, lakini jana nilimwaga chai aliyonimiminia.

Alipokwenda mazoezi ya kwaya, niliwasha gesi nikakikata chuma kile vipande viwili. Miezi minane ya jasho langu imelala chini, na mkato wenyewe umepinda, unaujua mkono wangu. Atakupigia kusema nimerukwa na akili. Mkubalie tu. Yakobo mwambie Jumamosi akae nyumbani, umchinjie kuku.

Ni mimi, fundi asiye na tela,
Chenge