Safari Ambayo Mama Amekataa Kuihesabu

Tanuri la Matofali la Biso,
Karibu na Rambukkana.
Alhamisi, 16 Machi 2017.

Mpendwa mdogo wangu Upul,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo? Iresha hajambo? Na mtoto, lile jino la pili limeshatokeza? Sisi huku ni wazima kiasi chetu. Wiki ya tatu hii mvua haijanyesha, kwa hiyo matofali yanakauka vizuri na matanuri yote mawili yanawaka. Haya, wajibu wa salamu nimeutimiza. Sasa kaa chini unisikilize.

Nakuandikia barua kwa sababu tangu Jumatatu nimekupigia simu mara tisa na mara tisa umeniacha inaita. Karatasi haina kitufe cha kuzimia. Ukitaka kuichana utaichana, lakini itabidi kwanza uishike mkononi, na nakujua, ukishaishika utaisoma.

Unajua msafara wetu wa mwaka huu ulikuwa upande mlima wa Sri Pada mwezi mpevu wa Februari. Watu thelathini na nane. Basi lilikuwa limeshakodiwa. Wewe ukasema likizo yako ni Machi, na mama akaenda kwa Mzee Mudiyanse, ambaye ameongoza misafara ya kijiji hiki tangu mimi sijazaliwa, akamwomba asogeze siku. Mzee akasogeza. Watu thelathini na nane wakabadilisha mavuno, likizo, hata harusi moja, kwa ajili ya mtu mmoja. Siku tano kabla ya safari unatuma ujumbe: bosi amekataa. Na chini yake, bila aibu, unaniandikia, "Dada, iweke wewe tu, si sarafu tu?"

Sarafu tu.

Ngoja nikukumbushe, maana inaonekana hewa ya Milano inafuta kumbukumbu. Mwaka 2010 ulipoingia kwenye ile boti, tulikaa siku kumi na tisa bila kujua kama uko hai. Siku ya nne mama aliosha sarafu kwa maji ya manjano, akaifunga kwenye kitambaa cheupe, akaitundika mbele ya picha ya Buddha. Aliahidi kwamba ukifika salama atakupandisha Sri Pada, na wewe mwenyewe, kwa mkono wako, utaiweka pale juu. Siku ya ishirini ulipiga simu. Ulilia, ukasema, "Mama, nitakuja, hata kesho." Nilikuwepo. Simu ilikuwa yangu, na salio lilikuwa langu.

Miaka minne ya kwanza hukuwa na karatasi za ukaazi, sikukulaumu hata siku moja. Lakini 2014 ulizipata. Mwaka uliofuata ikawa kazi, halafu ikawa mtoto, mwaka huu bosi. Misimu mitatu, na kila msimu, tangu Desemba mpaka sikukuu ya Vesak mwezi Mei, mama anapiga pasi gauni lake jeupe na kulining'iniza mlangoni.

Safari hii alisema anakwenda, uje usije. Daktari alimkataza, alisema magoti yamekwisha na moyo unakwenda kwa kusuasua. Mama akamjibu kwamba hakwenda kumwomba ruhusa, alikwenda kumwomba dawa. Basi tukaenda.

Jumapili alfajiri, chini ya mlima, tulipokea Maadili Matano kwa bhikkhu, mtawa wa pale, wote tumevaa nyeupe, kisha tukaanza kupanda. Lizingatie hilo la Maadili, nitakueleza kwa nini. Mwanzoni mama alikwenda vizuri. Waliokuwa wanashuka wakitusalimu kwa kututakia huruma, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwaitikia. Mzee Mudiyanse akaimba, sisi tukaitikia. Binamu yetu Padma, ambaye hajawahi kupanda, akakosea kama wanavyokosea wageni wote. Akauliza, "Babu, bado sana?"

Mzee akasimama palepale. "Nani kauliza? Mlima huu haulizwi. Ukiuliza, unaongezwa ngazi."

"Basi wangu umeshaongezwa, Babu," Padma akasema. "Jana ulisema ni elfu tano na mia tano. Mimi peke yangu nimeshapanda elfu tisa."

"Elfu tisa na moja," Mzee akamwambia. "Hiyo moja ni ya mdomo wako."

Watu walicheka mpaka wakashikilia vyuma vya pembeni. Mama naye alicheka. Nataka ujue kwamba alicheka, kwa sababu baada ya hapo hakucheka tena.

Tulipumzika kwenye kibanda cha chai, hapo juu kidogo ya kijito cha maji baridi wanapoogea mahujaji. Padma akafungua simu yake. Akanigusa bega, akanionyesha. Picha ya Jumamosi. Wewe, ziwa, milima yenye theluji, glasi mkononi, na marafiki wanne nyuma yako wakifanya vidole vya ushindi. Hata Iresha hakuwepo. Huyo bosi aliyekunyima likizo yuko wapi kwenye hiyo picha? Ni yule mwenye miwani?

Nilimwambia Padma azime simu na afunge mdomo. Mama aliuliza mnaangalia nini. Nikamwambia, bei ya kuni. Huo ndio uongo wangu wa kwanza siku hiyo, na nilijiambia ni mdogo.

Kule mwisho, pale ngazi zinaposimama kama ukuta, magoti ya mama yaligoma. Alikaa, akashika chuma kwa mikono miwili. Mzee Mudiyanse akasema tumteremshe taratibu. Mama akasema, "Mkinishusha leo, mtashusha maiti." Basi nikachukua shuka jeupe, nikamfunga mgongoni kama anavyofungwa mtoto.

Mama ana kilo arobaini na moja. Mimi nilianza kazi kwenye matanuri ya watu nikiwa na miaka kumi na tisa, nikibeba matofali kumi na sita kwa safari moja, kila tofali kilo mbili na nusu. Nilijiambia mama ni safari moja tu na kilo ya ziada. Nilihesabu ngazi ili nisilie: mia sita arobaini na mbili. Padma alinisukuma kwa nyuma. Mzee, miaka themanini na moja yote ile, alitangulia akiimba ili watu watupishe.

Tulifika saa kumi jioni. Tukasujudu penye Unyayo wa Buddha, tukatoa maua. Sarafu mama hakuitoa. Ilibaki kifuani mwake.

Halafu kengele. Si unaijua desturi, kila mtu anaigonga kwa idadi ya mara alizofika pale juu. Mama alikuwa na kumi na moja. Mzee akamshika mkono mbele ya watu wote, akasema, "Heenmenike, gonga. Kumi na mbili. Tunakuhesabia."

Mama akauvuta mkono wake. "Sigongi. Hii haihesabiwi."

"Haihesabiwi vipi? Si uko juu?"

"Nimeletwa kama mzigo, na mwenye nadhiri hayupo. Nikagonge nini?"

Nikamwambia, "Mama, nimekubeba ngazi mia sita arobaini na mbili."

Unajua alinijibu nini? "Zako hesabu wewe."

Upul, mimi ndiye niliyemwezekea nyumba, ndiye ninayempeleka kliniki kila mwezi. Kwa nini nisiseme? Miaka saba nimekula naye, nimelala naye chumba kimoja akiugua. Na pale juu, mbele ya kijiji kizima, safari niliyompandisha kwa mgongo wangu ikawa si safari, kwa sababu mwanawe wa kiume alikuwa ziwani na glasi. Nilikwenda kwenye kengele nikagonga mara zangu saba. Ya saba niliigonga kwa nguvu mpaka bhikkhu mmoja akageuka kunitazama. Na anitazame.

Baridi ikaanza kushuka. Mama akakaa kwenye ukuta wa mawe, akasema hashuki, wala haingii kwenye ukumbi wa kulala, mpaka mwanawe afike. Tukadhani ni hasira itapita. Nusu saa, hakunywa chai. Saa nzima, midomo ikabadilika rangi. Mzee alimbembeleza, bhikkhu alimweleza kwamba nia yake peke yake inatosha na nadhiri inaweza kufunguliwa hapohapo. Akamsikiliza kwa adabu, akafumba macho.

Basi nikachuchumaa mbele yake. "Mama, Upul amepiga simu."

Akafumbua macho. "Lini?"

"Sasa hivi, ulipokuwa umefumba macho."

"Kasemaje?"

"Anakuja kabla ya Vesak. Tiketi ameshakata."

"Apa."

Nikaapa. Hatua ishirini kutoka penye Unyayo, siku ya mwezi mpevu, saa kumi na mbili tu baada ya kuahidi kwa kinywa changu kwamba sitasema uongo. Mimi, ambaye katika miaka kumi na minane ya biashara sijawahi kumpa mtu matofali mia tisa na tisini nikayaita elfu. Mama akachukua kikombe, akanywa chai yote, akaomba kingine. Akasema, "Basi hiyo ndiyo nitakayoihesabu." Akaingia ukumbini akalala vizuri. Jumatatu vijana wa msafara wakasaidiana kumteremsha.

Sasa hali ni hii. Kijiji kizima kinajua unakuja, kwa sababu mama amekitangazia. Amemwambia na bhikkhu mkuu wa hekalu letu. Anapaka magoti mafuta asubuhi na jioni, dawa anakunywa bila kugombezwa, kitu ambacho hakijatokea tangu mwaka juzi. Daktari amemwona jana. Aliniita pembeni akasema msimu ujao nisiuweke kwenye mipango. Hakuzungusha maneno, nami sizungushi.

Vesak ni Jumatano, tarehe 10 Mei, na msimu wa kupanda unafungwa siku hiyo. Uwe hapa Jumapili tarehe 7. Tutalala chini ya mlima Jumatatu, Jumanne tunapanda. Mama utambeba wewe, kuanzia ngazi atakayochokea hadi juu. Mimi nitabeba chai. Usinitumie pesa, usiniambie utalipa wabebaji, na usinieleze habari za bosi. Sina haja ya maelezo. Nina haja ya namba ya ndege.

Barua hii itakufikia baada ya siku kumi, labda kumi na mbili. Siku hiyohiyo mpigie mama. Usimuulize nani kasema unakuja. Mwambie, "Ndiyo mama, nakuja," na umtajie tarehe. Ukishindwa, Vesak asubuhi nitamwambia ukweli wote: kwamba hukupiga simu, kwamba niliapa uongo, na kwamba Jumamosi ile ulikuwa ziwani. Sitakuficha tena. Akinichukia, atakuwa ametuchukia wawili kwa mpigo, na hilo nitaligawana na wewe nusu kwa nusu.

Padma anakusalimu, ila amesema salamu zake ni nusu. Mzee Mudiyanse anakusalimu. Ameshaliandika jina lako kwenye daftari la msafara wa Mei, kwa wino. Msalimie Iresha, yeye sina ugomvi naye. Mbusu mtoto. Buddha, Dhamma na Sangha wakulinde wewe na nyumba yako, na wakupe akili haraka kuliko walivyokupa zamani.

Mama naye anakusalimu. Yuko hapa pembeni yangu, anadhani nakuandikia habari za mavuno. Anauliza kama mguu wako bado unavaa kiatu namba arobaini na moja, kwa sababu kesho anakwenda mjini kukununulia raba za kupandia mlima. Nimemwambia sijui. Mjibu mwenyewe.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kwa nguvu zilizobaki,
Biso Menike